Kikanyagio cha Kushoto

Kituo cha Mazoezi, Wodi ya Tatu
3 Februari

Mdogo wangu Msumari,

Usishtuke kuona barua. Hapa simu zinakusanywa mlangoni, na ukitaka kupiga unasubiri Jumapili, unapanga foleni nyuma ya wagonjwa thelathini ambao kila mmoja ana mke anayelia. Nimeona bora niandike. Kondakta wa basi la asubuhi amekubali kubeba bahasha, utakuwa unazichukua ofisi ya vifurushi.

Goti linaendelea vizuri. Daktari amelitazama kwenye picha akasema ameridhika. Mwambie Mama maneno hayohayo, usiongeze chumvi.

La pili ni pikipiki. Iuze. Nimebeba mayai na kile kipikipiki miaka sita, trei kumi na mbili kila safari, na sikuwahi kufika na yai lililopasuka hadi siku ile pikapu iliporudi nyuma bila dereva kutazama. Sasa imeegemea ukuta pale uani, tangi limebonyea, na Mama anaipita kila akienda kuanika nguo. Najua anageuza uso. Iuze hata kwa vipuri. Na ule mchoro wangu wa chaki ukutani, ufute. Nilikuwa na ndoto za kitoto za kuichonga pikipiki ya mayai iwe ya mashindano. Yameisha.

Msalimie Shangazi.

Kaka yako,
Mfalme wa Kitanda Namba Nane


Nyumbani
9 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako imefika ikinuka dawa upande mmoja na samaki wa kondakta upande wa pili. Nimemsomea Mama. Alisikiliza ameshika kisu na kitunguu, akauliza, "Daktari ameridhika na nini hasa?" Nikamwambia na goti. Akasema, "Haya." Unaijua ile haya yake.

Pikipiki nimeiondoa uani. Mimi na Shangazi tuliisukuma hadi barabarani, tukakwama getini kama kawaida, maana linafunguka upande mmoja tu na usukani haupiti mpaka uupinde. Shangazi akaniambia nachomelea mageti ya mtaa mzima na la kwetu lina komeo lililoshikana kwa kutu tangu niko darasa la nne. Usiniulize imekwenda kwa nani. Iko kwa mtu anayeijua thamani yake. Mchoro sijaufuta, ngazi imeazimwa.

Shangazi anataka kukushonea suruali. Anaomba vipimo: nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, na pia ukiwa umekaa na umekunja miguu, kutoka kwenye kiti hadi unyayo. Vya miguu yote miwili. Anasema safari hii hataki kubahatisha.

Kazini hatujambo. Bosi ana oda ya madirisha ya shule nzima, nachomelea hadi nikifumba macho naona cheche.

Mdogo wako,
Msumari


Wodi ya Tatu
16 Februari

Msumari,

Ahsante kwa kuiondoa. Niliposoma nilipumua, halafu nikakaa vibaya siku mbili, halafu nikapumua tena.

Fundi gani wa nguo anapima goti lililokunjwa? Ila Shangazi hajawahi kuulizwa swali akajibu, kwa hiyo mpe: nyonga hadi goti 48, goti hadi kisigino 50, na nikiwa nimekaa nimekunja, kiti hadi unyayo 44. Miguu yote miwili ni hivyohivyo. Mtu hana miguu ya saizi mbili.

Mazoezi yanakwenda. Yupo kijana mmoja mwenye mikono kama koleo, tunamwita Bwana Mazoezi, anatuamsha kwa kupiga makofi kama anayefukuza kuku. Jirani yangu wa kitanda cha saba ni mwashi aliyeanguka kwenye jukwaa la ghorofa. Tunashindana nani atafika dirishani kwanza. Jana nilimshinda, akadai nimeanza kabla ya filimbi.

Nimesikia kituo kinatafuta mtu wa kukaa getini na kuandika magari yanayoingia. Kazi ya kukaa, kivuli kipo, chumba kipo. Nafikiria kubaki huku. Usimwambie Mama bado.

Kaka yako


Karakana
12 Machi

Kaka,

Kaa kitako ndiyo usome. Naungama.

Pikipiki sikuiuza. Mtu anayeijua thamani yake ni mimi. Siku ile baada ya kuivusha getini tuliisukuma hadi karakana, Bosi akanipa kona nyuma ya chuma chakavu kwa sharti kwamba kazi ya madirisha isilale. Kila jioni nikimaliza madirisha ya shule nilikuwa nageukia kwako. Mchoro wako nimeunakili wote kwenye boksi la elektrodi za kuchomelea, mstari kwa mstari.

Picha iko ndani ya bahasha, itazame sasa hivi kisha urudi.

Umeiona? Nimekata fremu ya nyuma, pale palipokuwa na kile kitanda cha trei, nikachomelea upinde wa duara kama ulivyochora. Usukani ni wa chini. Kiti ni cha mtu mmoja, kina nundu nyuma, na amekishona Shangazi kwa cherehani yake ya suruali. Amevunja sindano tatu na kunitukana mara zisizohesabika. Tangi nimelinyoosha, na rangi nimechagua ya ganda la yai, ile ya kahawia, ili watu wajue pikipiki ilikotoka. Na vikanyagio nimevirudisha nyuma sentimita ishirini na mbili, kwa vipimo vyako mwenyewe. Mabano yanayovishikilia nimeyachomelea mara mbili. Ukikaa pale utainama mbele na magoti yatabana tangi kama umezaliwa nalo. Sasa unajua suruali ilikuwa suruali gani.

Nimeipeleka kwa wachongaji wa pikipiki. Unawajua, ulikuwa unapita pale kila Jumamosi na trei zako unajifanya unapunguza mwendo kwa sababu ya mashimo. Wote wana vipikipiki vidogo kama chako, vilevile vya injini ya mia na ishirini na tano ambavyo kila mtu anaanzia navyo, lakini hutakuta viwili vinavyofanana. Mmoja ana matairi ya shamba, mwingine ameshusha chake mpaka anafagia barabara. Mwanzo waliniita Dada wa Madirisha. Mwenyekiti wao alipochuchumaa akatazama mshono wa upinde, aliuliza nani amechomelea. Nikasema dada wa madirisha. Hajaniita hivyo tena.

Mkusanyiko wao mkubwa ni Jumamosi ya tarehe 17 Mei, uwanjani. Sharti lao ni moja tu, na hawalilegezi hata kwa mtoto wa Mwenyekiti: pikipiki haiji juu ya gari. Inakuja kwa matairi yake na mwenyewe yuko juu. Nimekuandikisha. Kwenye daftari umeandikwa Mtu wa Mayai.

Kwa hiyo achana na habari za kukaa getini. Pona, uje uchukue kitu chako.

Msumari


Wodi ya Tatu
18 Machi

Msumari,

Vipimo nilivyokupa ni vya mguu wa kulia.

Wa kushoto haukunjiki. Wameweka chuma kutoka pajani hadi kwenye muundi na goti halipo tena, kuna mfupa mmoja ulionyooka. Daktari ameridhika kwa sababu umeshikana. Hautakunjika kesho wala mwakani. Nikikaa kwenye benchi, mguu unazuia njia na watu wanauruka.

Umenitengenezea pikipiki nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na ndiyo pikipiki pekee ambayo siwezi kabisa kuipanda. Ile ya mayai pengine ningejaribu. Hii yote ni ya kukunja magoti. Sikulaumu. Nilidanganya kwa sababu sikutaka Mama ajue, na sikutaka wewe unionee huruma. Nilifikiri ni suruali.

Nifute kwenye daftari. Mpe mtu mwenye miguu. Kazi ya getini naanza mwezi ujao.

Kaka yako


Karakana
21 Machi

Kaka,

Nimelia saa nzima nyuma ya madirisha ya shule na Bosi akafikiri ni moshi. Halafu nikakasirika na bado nina hasira, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Ulinipa vipimo vya uongo! Mimi nachomelea, kaka. Kwangu kipimo ni kiapo. Ungeniambia mguu umenyooka ningekata chuma kingine siku ileile. Nilikudanganya pia, najua, lakini uongo wangu ulikuwa unakwenda na wewe mahali, wako umekaa kitandani.

Mabano ya kushoto nimeshayakata. Sikusubiri kufikiri. Nimeyakata leo asubuhi kabla sijanywa chai, na kwa kuwa niliyachomelea mara mbili yamenila jiwe zima la kukatia.

Sasa sikiliza. Goti ndilo limekwenda, kifundo cha mguu kipo. Kama kipo na kinacheza, gia utabadilisha. Ninachotaka kufanya ni kuhamisha kikanyagio cha kushoto kutoka nyuma hadi mbele kabisa, mbele ya injini, mguu ulale umenyooka ubavuni mwa pikipiki. Kifimbo cha gia kitakwenda nao mbele, nitakiunganisha na gia kwa ufito mrefu wa chuma upite chini ya injini. Cha kulia kinabaki nyuma kama ulivyochora. Kupanda hutapata tabu, unasimama kwa huo wa kushoto ulionyooka, unarusha wa kulia juu.

Nahitaji vitu viwili. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele, umpe Bwana Mazoezi futi akupime nyonga hadi kisigino. Kisha akupime unyayo unapanda na kushuka kiasi gani. Mguu wa kushoto. WA KUSHOTO.

Kukufuta sikufuti. Daftari ni la Mwenyekiti na kalamu ni ya Mwenyekiti.

Msumari


Karakana
4 Aprili

Kaka,

Wiki mbili umenyamaza. Ofisi ya vifurushi wameanza kunionea huruma, yule dada wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Nimeanza bila wewe. Nimefunga goti langu la kushoto kwa mbao mbili na mkanda wa Shangazi wa kupimia nguo, likakaza kama mlingoti, nikapanda. Wachongaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilizunguka karakana mara nne. Kwenye tuta la kwanza kisigino kiliruka nje ya kikanyagio, mguu ukabaki unaning'inia hewani mbele yangu na sikuwa na namna ya kuurudisha. Niliogopa, kaka. Pale ndipo nilipoelewa unachokiogopa wewe, na naomba radhi kwa ile barua ya makelele. Nimechomelea kikombe kidogo cha chuma nyuma ya kikanyagio, kisigino kinakaa ndani yake kama yai kwenye trei. Nikarudi kwenye tuta lilelile mara kumi. Hakikutoka.

Mwenyekiti aliizunguka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Hii imekosewa. Kimoja mbele kimoja nyuma?" Nikamwambia haijakosewa, imepimwa. Akasema ningeileta juu ya pikapu waiweke pembeni watu waitazame tu, wangenifumbia macho. Nikakataa. Sharti ni sharti.

Lakini mguu nilioufunga ni wangu, nao ni mfupi. Siwezi kuchomelea mara ya mwisho kwa kukisia.

Jambo la mwisho. Nilimsomea Mama barua yako, kwa sababu nilichoka kuibeba peke yangu. Akasema alijua tangu ile ya kwanza. Akasema wewe ukiwa unapona unalalamika kutwa, chakula kibaya, godoro gumu, kila kitu. Ulipoandika unaendelea vizuri, akajua. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu kama huko wanakupa mto wa kuweka chini ya mguu.

Tunakutaka nyumbani, kaka. Namna ya kukaa tutaipanga ukishafika.

Msumari


Wodi ya Tatu
9 Aprili

Kushoto.
Nyonga hadi kisigino, umenyooka: 96. Umepungua mbili.
Unyayo kupanda: vidole vitatu. Kushuka: vinne.
Kapima Bwana Mazoezi, kashuhudia Mwashi.

Mwambie Mama mto sina.


Getini, Kituo cha Mazoezi
26 Aprili

Kaka,

Niko nje. Naandikia juu ya tangi, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Nimekuja nayo kwa matairi yake kutoka nyumbani, mwendo wa saa nne na nusu barabarani, mguu wa kushoto nimeunyoosha njia yote. Vituo vya mafuta wananiuliza nimevunjika lini. Ufito wa gia haujalegea hata mara moja. Kiti cha Shangazi kinaungua jua, kaa taratibu.

Sitaingia. Ningeingia ungevaa ule uso wako wa kuniambia kila kitu kizuri. Nimeongea na Bwana Mazoezi hapa getini. Amesema uani kuna uwanja wa changarawe na daktari ameshakubali ujaribu, mradi yeye awe nyuma yako anakimbia. Mikono yake nimeiona, anaweza kukudaka pamoja na pikipiki.

Ufunguo uko ndani ya bahasha hii. Mto ni wa Mama, ameujaza mwenyewe. Mimi narudi na basi, na nimemwambia kondakta asinikalishe karibu na samaki.

Tarehe 17 Mei, uwanjani, saa nane mchana. Sitakuandikia tena kukukumbusha.

Msumari


Kituo cha mafuta, njiani
17 Mei, saa mbili asubuhi

Msumari,

Barua hii inakuja na basi la asubuhi, kwa hiyo itafika kabla yangu. Mwendo wangu ni wa mtu mwenye mayai.

Mwanzo sikuigusa. Wiki nzima ilisimama uani, wagonjwa wanaitembelea kama mzazi wodini. Mwashi alikuwa anaifuta vumbi kila asubuhi na kunitazama. Siku ya nane nilimkuta amekaa juu yake na fimbo zake mbili mapajani, nikamwambia shuka, hiyo haikupimwa kwako. Maneno yakanitoka kabla sijayafikiri. Akashuka anacheka, akanishikia usukani.

Nimeanguka mara mbili kwenye changarawe, zote nikiwa nasimamisha pikipiki, kwa sababu nilisahau ni mguu upi wa kushusha. Ni wa kulia, sasa hata usingizini najua. Bwana Mazoezi alinikimbilia mizunguko arobaini, siku ya mwisho akachoka akakaa kwenye ndoo, na mimi nikaendelea. Mkaguzi wa magari aliitwa, akaizunguka mara mbili, akaniomba nipande tuta, nishuke, nisimame ghafla. Kisigino hakikutoka. Akaniuliza nani amechomelea kikombe kile. Nikasema mdogo wangu, ni fundi wa madirisha.

Kazi ya getini ameichukua Mwashi. Ana mwandiko mbaya lakini anapenda kujua nani anakwenda wapi.

Nilitoka alfajiri. Hadi hapa nimevuka matuta ishirini na moja. La kwanza nilifumba macho, jambo ambalo usimwambie Mama. Niliogopa na nilikuja hivyohivyo na uoga wangu. Mguu unauma na nimeuweka hapa kwenye benchi juu ya mto wa Mama, na watu wanauruka, na safari hii wakiuruka wanaigeukia pikipiki, wanatazama kikanyagio cha mbele, wanatazama cha nyuma, halafu wananitazama mimi na kuelewa. Mmoja ameniuliza nani mchongaji. Nimempa anwani ya karakana.

Mwambie Mwenyekiti Mtu wa Mayai anakuja kwa matairi yake. Lakini kwanza napita nyumbani. Mama aweke maji ya kuoga, na kiti kirefu, siyo kigoda. Nina malalamiko mengi kuhusu chakula cha kule.

Na wewe, kabla ya kufanya lolote lingine, chukua nyundo na mafuta, kalishughulikie lile komeo. Mguu umetokeza mbele na siwezi tena kupinda usukani na kujipenyeza. Nataka niingie bila kushuka. Fungueni geti pande zote mbili.

Kaka yako